Mtu kaenda zake kaacha Access wazi, ufanyeje?

Mwaka wangu wa kwanza kutunza mfumo wa stoo ya vipuri nilikua nakaa ofisini mpaka saa mbili usiku, na sio kwamba nina kazi, nasubiri tu watu watoke kwenye Access, ile programu ya Microsoft ya kutunza data. Faili la data likishavimba inabidi ulifanyie Compact and Repair, yani kulibana na kulirekebisha, na hiyo kitu haikubali kama kuna mtu hata mmoja yumo ndani. Unafungua folda kwenye seva unakuta kile kifaili cha .laccdb, kinachojitokeza data ikifunguliwa, bado kipo, unajua tayari kuna mtu kaacha programu wazi. Nazunguka meza kwa meza, kompyuta naikuta imelokiwa kwa paswedi na mwenyewe yuko kwenye daladala.

Dawa niliyoipata ni fomu moja tupu, inafunguliwa ikiwa imefichwa na makro ya AutoExec, ile inayojiendesha yenyewe Access ikifunguka, unaipa TimerInterval (taima ya fomu) ya milisekunde 60000 yani dakika moja. Kila dakika kodi inacheki Screen.ActiveForm na Screen.ActiveControl, yani fomu na kisanduku mtu alipo, kama mtu yuko palepale alipokua inaongeza moja, kama kahama inarudi sifuri, ikifika 20 inaita Application.Quit, amri ya kufunga Access. Kama hakuna fomu iliyo wazi hiyo ActiveForm inatoa erro kwahiyo idake mapema.

Sasa mimi nilijiona fundi nikaweka MsgBox ya kuuliza "Bado upo?" kabla ya kufunga. Asubuhi nikakuta kompyuta tano zote zinauliza bado upo bado upo, kwa sababu MsgBox inasimamisha kodi mpaka mtu abonyeze OK, na wa kubonyeza kalala kwake. Onyo liweke kwenye kafomu kadogo kenye taima yake kanakohesabu sekunde, asipogusa kanafunga.

Kosa la pili ndo liliniumiza. Dada wa stoo alikua anaingiza plagi 12 zilizotoka, kaandika 1 simu ikaita, akaenda kaunta akasahau. Programu ikajifunga, na Access fomu ikifungwa inajaribu kusevu rekodi kama ilivyo, basi kesho yake ripoti inasema imetoka plagi 1 na shelfu inasema vingine. Tulihesabu mpaka mchana! Siku hizi kabla ya Quit napitia fomu zote zilizo wazi, yenye Dirty (ina mabadiliko hayajasevuwa) naipiga Undo kuyafuta, na sabufomu, yani fomu iliyo ndani ya nyingine, haihesabiwi kwenye Forms, ile orodha ya fomu zilizo wazi, so lazima uifuate ndani ya fomu mama. Wengine wanalalamika kazi yao inapotea, mi naona bora mstari upotee kuliko namba ya uongo ibaki. Pia kwenye ule ukaguzi wa kila dakika linganisha na .Text ya kisanduku, yani maandishi yaliyomo, maana anayeandika maelezo marefu sehemu moja kodi inamuona kama kalala.

Saa kumi na moja na nusu sasa hivi nimeshatoka. Bosi aliomba ya kwake isijifunge kabisa, nikamwambia sawa bosi, nikamuwekea dakika 40.