Kosa, Ushahidi, Adhabu: Maswali Yenu Kuhusu Nidhamu Shuleni

Barua nyingi tulizopokea safari hii zinahusu jambo moja: shule imetoa adhabu, na aliyeadhibiwa au mzazi wake haelewi imetokana na nini. Tumechagua sita. Majina tumeyaondoa na barua ndefu tumezifupisha.

SWALI: Mwanangu yuko kidato cha pili. Ijumaa amerudi na karatasi kwamba amesimamishwa masomo siku 14 kwa "utovu wa nidhamu". Nikimuuliza anasema hajui. Nikimpigia mwalimu wa darasa ananiambia nimuulize mwanangu. Nianzie wapi? – Mama mwenye wasiwasi

JIBU: Mama, anzia kwenye hiyo karatasi. "Utovu wa nidhamu" ni jina la kapu. Kosa lenyewe limo ndani na hujaonyeshwa. Barua ya kusimamisha masomo iliyokamilika inaeleza mwanafunzi alifanya nini hasa, siku gani, saa ngapi na wapi; amevunja kanuni namba ngapi; nani aliona au ni kitu gani kilikamatwa; yeye mwenyewe alijitetea vipi; adhabu inaanza na kuisha tarehe gani; na mzazi asiporidhika akate rufaa wapi, ndani ya siku ngapi.

Mwandikie mkuu wa shule barua fupi. Usimwandikie mwalimu wa darasa, maana si yeye mwenye mamlaka ya kumsimamisha mwanafunzi. Aya mbili zinatosha. Omba maelezo ya kosa kwa maandishi, nakala ya kanuni za shule, na maelezo aliyoyaandika mwanao kabla uamuzi haujatolewa. Hilo la tatu ndilo zito. Kama hakuna kumbukumbu yoyote ya maelezo yake, inaelekea aliadhibiwa bila kusikilizwa, na hapo una hoja hata kama kosa alilitenda kweli. Kifungu cha 12 cha Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Mtoto, wa mwaka 1989, kinampa mtoto nafasi ya kusikilizwa katika mashauri ya kimahakama na ya kiutawala yanayomhusu. Kifungu cha 28 kinataka nidhamu ya shule isimamiwe kwa namna inayolinda utu wake.

Marekani suala hili lilifika Mahakama ya Juu. Mwaka 1975, katika kesi ya Goss dhidi ya Lopez, iliyohusu wanafunzi wa Columbus, Ohio, waliosimamishwa hadi siku 10 bila kusikilizwa, majaji waliamua kwa kura 5 dhidi ya 4 kwamba hata adhabu fupi kiasi hicho ina masharti: mwanafunzi aambiwe kosa, akikana aelezwe ushahidi uliopo, na apewe nafasi ya kutoa upande wake. Anayehatarisha wenzake anaweza kuondolewa papo hapo, ila asikilizwe mapema baada ya hapo. Uamuzi huo hauibani shule ya nchi nyingine, lakini kipimo chake ni chepesi mno kwa shule kudai kwamba haikukiweza. Ni mazungumzo ya dakika kumi ofisini, yakaandikwa.

Ukienda shuleni nenda na mwanao, na usimlazimishe kuomba radhi kabla hamjasomewa kosa. Mzazi akishaandika "naomba mwanangu asamehewe" amekiri kwa niaba yake, na jalada hufungwa hapo hapo. Wakati mnafuatilia hayo, omba kazi za kila somo tangu siku ya kwanza. Anayekosa wiki mbili za hisabati anarudi akiwa mada nzima nyuma, na asiyeelewa kinachofundishwa hakawii kuanza vurugu tena.

SWALI: Mimi ni katibu wa kamati ya kuandika upya kanuni za shule yetu. Za sasa ni 58, kurasa saba. Wanafunzi wanazisaini siku ya kujiunga, kisha hakuna anayezikumbuka, hata sisi walimu. Tupunguze hadi ngapi? – Mwalimu wa Jiografia

JIBU: Mwalimu, msianze na idadi. Chukueni daftari la makosa la mihula miwili iliyopita, mhesabu kila kanuni imetumika mara ngapi. Kanuni ambayo haijatumika hata mara moja, na haihusu usalama wa watu, itoeni. Zinazosema jambo moja kwa maneno tofauti ziunganisheni; kuhusu sare peke yake mtakuta nne au tano. Baada ya hapo shule nyingi zinaweza kujimudu kwa kanuni 12 hadi 15.

Kazi ngumu ni lugha. Tazameni hii: "Mwanafunzi awe na heshima wakati wote." Mwalimu mmoja ataitumia kumwadhibu aliyemtukana, mwingine ataitumia kwa aliyeuliza kwa nini amepewa alama 41. Wote wawili watakuwa wameifuata, na wanafunzi watajifunza kwamba kinachoamua ni nani yuko zamu siku hiyo. Sasa linganisheni na hii: "Kengele ya kipindi inaponyamaza, mwanafunzi awe ameketi mahali pake, daftari na kitabu cha somo vikiwa mezani." Kila kilichotajwa kinaonekana kwa macho. Anayepita dirishani anajua nani ametimiza na nani hajatimiza, na hakuna cha kubishania.

Kanuni isiyojieleza yenyewe iongezewe sentensi moja ya sababu. "Hakuna kuingia maabara kabla ya mwalimu" ikiachwa peke yake huonekana ubabe. Ikifuatwa na "kwa kuwa gesi na tindikali hukaguliwa kwanza", inaeleweka.

Wajibu nao uandikwe kama kazi yenye mwenyewe. "Mwanafunzi atatunza mali ya shule" haimkamati mtu. Lipeni kila dawati namba. Siku ya kwanza ya muhula anayelikalia ajaze fomu ya hali yake (mguu umelegea, ubao wa juu umechorwa), na siku ya mwisho alikabidhi kwa mwalimu wa darasa kwa fomu hiyo hiyo. Hapo kuna wa kuulizwa. Na kama mwanafunzi ana wajibu wa kufika kwa wakati, kanuni hizo hizo zitaje wajibu wa mwalimu wa kuingia darasani kwa wakati. Wanafunzi huliona pengo hilo haraka kuliko kamati yoyote.

Upande wa adhabu, gaweni makosa kwa ngazi tatu: yanayomalizwa na mwalimu darasani, yanayoandikwa na mzazi kuarifiwa, na yanayofika kamati ya nidhamu. Semeni wazi kosa la ngazi ya kwanza likirudiwa mara ngapi ndani ya muhula linapanda. Kuruka kichura, kupiga magoti kwenye kokoto na mengine ya aina hiyo yasiwemo. Kamati ya Haki za Mtoto ya Umoja wa Mataifa, katika Maoni ya Jumla Namba 8 ya mwaka 2006, inahesabu hata kumlazimisha mtoto akae mkao wa kumtesa kuwa ni adhabu ya kimwili, kama vilivyo viboko. Futeni pia ile kanuni ya mwisho inayopendwa sana, "na makosa mengineyo kadiri uongozi utakavyoona". Hiyo inazifuta zote zilizoitangulia.

Rasimu ikiwa tayari, wapeni wanafunzi watano wa kidato cha kwanza. Msiwaulize kama wameielewa, maana watasema ndiyo. Mwambieni kila mmoja atoe mfano wa mtu aliyevunja kanuni fulani. Mifano ikitofautiana sana, kanuni hiyo irudi mezani.

SWALI: Mimi ni kiranja wa darasa. Mwalimu akitoka nje ananiambia niandike wapiga kelele. Nikiandika wenzangu wananichukia, nisipoandika naadhibiwa mimi. Nifanyeje? – Kiranja, kidato cha tatu

JIBU: Kazi yako ni kuona, kuandika na kupeleka. Kuadhibu si kazi yako, hata mwalimu akikuruhusu kwa mdomo. Siku mtu akiumia utabaki peke yako.

Orodha ya wapiga kelele ina ubovu wake. Kelele ni ya darasa zima, kwa hiyo mwandishi huishia kuandika sauti anazozijua na watu aliokorofishana nao. Kesho yake mwalimu ana majina 23 na hana la kumuuliza mtu. Gawa ukurasa safu tatu: saa, jina, alichofanya. Mtaje mtu kwa jina na umwonye mara moja, akirudia ndipo uandike: "4:20, fulani, amehama dawati mara ya pili, anaimba." Msomee mstari wake kabla hujaupeleka. Akikataa, andika "anakana". Chuki hupungua mtu akijua kilichoandikwa juu yake, na akiona rafiki yako wa dawati naye yumo.

Halafu mwombe mwalimu aache kazi ubaoni kabla ya kutoka, swali la ngapi hadi la ngapi. Darasa lililoachwa bila kazi litapiga kelele tu, hata kiranja awe nani. Orodha yenye nusu ya darasa inasema zaidi juu ya kipindi kuliko juu ya wanafunzi.

SWALI: Simu yangu imekamatwa kwenye begi ikiwa imezimwa. Kanuni inakataza, nakubali. Lakini mwalimu wa nidhamu ameiwasha, akanilazimisha nitaje nywila, akasoma meseji zangu zote. Ana haki? – Mwanafunzi wa kidato cha nne

JIBU: Hayo ni mambo mawili. Kuichukua simu ni sawa kama kanuni imeandikwa na ulijulishwa. Marufuku ya simu shuleni si jambo geni; Ufaransa, kwa mfano, ilipitisha sheria mwaka 2018 ya kuzuia matumizi yake kwa shule za msingi na sekondari ya chini. Kuisoma ni jambo jingine kabisa. Kosa lako lilikuwa kuja nayo, na kosa hilo lilikwisha kuthibitika ilipotolewa kwenye begi. Meseji hazikuongeza ushahidi wowote. Kifungu cha 16 cha Mkataba tulioutaja juu kinamlinda mtoto dhidi ya kuingiliwa kiholela faragha na mawasiliano yake. Mzazi wako amwandikie mkuu wa shule kuhusu hilo, na wakati huo huo mkubali adhabu ya kuja na simu. Mkichanganya yote mawili mtaonekana mnakwepa kosa.

Kwa walimu wa nidhamu: simu izimwe na mwenyewe mbele yenu, iwekwe kwenye bahasha, juu yake paandikwe jina, tarehe, aina ya simu na hasara iliyopo tayari, kama ufa wa kioo. Mwanafunzi na mwalimu wasaini, bahasha ifungiwe kabatini. Bila maandishi hayo, kioo kikionekana kimepasuka mwisho wa muhula ni neno la shule dhidi ya neno la mzazi. Mkishuku ndani mna vitisho au picha za utupu za mwanafunzi, msifungue wala msinakili, na kwa hali yoyote msirushiane "kama ushahidi". Zimeni, fungieni, mwiteni mzazi na vyombo vya sheria. Mwalimu aliyehifadhi picha ya namna hiyo kwenye simu yake anaweza kujikuta mshtakiwa.

SWALI: Dirisha limevunjwa darasani kwetu, aliyevunja hajajulikana. Shule imetuchangisha wote. Ni sawa? – Wanafunzi wa mkondo B

JIBU: Hapana. Kumwadhibu ambaye hakuwepo kunamfundisha kwamba kuwa mwema hakumsaidii kitu. Shule hutarajia kwamba wanafunzi watamtaja aliyevunja. Mara nyingi humficha zaidi, kwa kuwa sasa wote wako upande mmoja dhidi ya uongozi. Ulizeni kwanza dirisha lilionekana zima mara ya mwisho saa ngapi, nani alifunga darasa na nani alilifungua. Maswali hayo matatu hupunguza washukiwa haraka. Asipopatikana, shule ilitengeneze kwa fungu lake la ukarabati.

SWALI: Nitasimamia mtihani wa ndani kwa mara ya kwanza. Nikimkuta mwanafunzi anapiga chabo au ana kikaratasi, nimtoe nje? – Mwalimu mpya

JIBU: Usimtoe, na usimnyang'anye karatasi ya majibu. Ikija kubainika hakuwa na kosa, huwezi kumrudishia dakika 40 alizopoteza. Mfuate bila kupaza sauti, chukua kikaratasi, piga mstari chini ya neno la mwisho aliloandika, andika pembeni saa na herufi za mwanzo za jina lako, kisha mwache aendelee. Kama alikuwa anachungulia kwa jirani, mhamishe yeye na umpe dakika ulizomkatiza. Muda ukiisha asiondoke: aandike maelezo yake mbele yako na mwalimu mwingine, na kikaratasi kibanwe kwenye maelezo hayo. Mtihani wa kitaifa una maelekezo yake kwa wasimamizi. Huko fuata hayo.

Wakati wa kupima ushahidi, soma kilichomo kwenye kikaratasi. Wakati mwingine ni mada ambayo haikutoka kabisa. Kosa la kuingia nacho lipo, lakini alama hazikutokana nacho. Kwa chabo, weka karatasi mbili za majirani sambamba. Majibu sahihi yanayofanana hayathibitishi kitu, kwani wote wawili walifundishwa na mtu mmoja. Tafuta makosa: wote wamesahau alama ya kutoa kwenye hatua ya tatu, wote wamepata 17 badala ya 71. Na usimhukumu aliyenakiliwa mpaka upate dalili kwamba aliigeuza karatasi yake kwa makusudi.