Mnaoanza astronomia mkiwa Dodoma

Wadogo zangu mnaoingia fizikia hapa Dodoma mkitaka siku moja muitwe wanaastronomia, jiandaeni kuulizwa nyumbani kama mnaweza kumtazamia mtu nyota yake. Msimlaumu anayeuliza. Mnajimu, kwa Watanzania wengi, ni mtu wa kazi ya marehemu Sheikh Yahya Hussein, yaani mtabiri. Hata falaki haijasalimika: kupiga falaki ni kutazamia, ingawa mwanafalaki anayekokotoa mwandamo wa mwezi hana habari na ramli. Mwanaanga naye ni yule anayerushwa kwa roketi, japo vyombo vya habari humchanganya na sisi kila mara. Mimi hutumia mwanaastronomia. Ni refu, lakini halina mgogoro. Wazee wakichoka nalo, waambie unapima mwanga wa nyota.

Nasema kupima kwa sababu wengi huja wakidhani kazi ni kukesha jicho likiwa kwenye darubini. Darubini ya SALT kule Sutherland, Afrika Kusini, ina kioo cha takriban mita 11, na mwanga unaonaswa huishia kwenye vipimio; mtafiti hupokea faili. Kwa hiyo jizoeze kupima mapema, hata kabla hujagusa darubini yoyote.

Anza mchana. Dodoma iko nyuzi 6 na ushei kusini mwa Ikweta, hivyo jua hupita utosini mara mbili kwa mwaka, karibu na Machi 5 na karibu na Oktoba 9. Sawazisha ardhi, simika kijiti kwa timazi ya fundi, uandike urefu wa kivuli kila baada ya dakika chache. Jua lenyewe usilikodolee macho. Kivuli hakitatoweka saa 6 kamili. Machi kitatoweka karibu saa 6:49, kwa kuwa saa za Afrika Mashariki zinafuata longitudo ya nyuzi 45, nasi tuko magharibi yake kwa nyuzi 9 na ushei. Dunia hugeuka nyuzi moja kwa dakika 4, basi hapo pana dakika 37. Dakika 12 zilizobaki zinatokana na njia ya Dunia kuwa duaradufu na mhimili wake kuinama. Oktoba mambo hayohayo mawili huvuta upande wa pili, kivuli kikatoweka karibu saa 6:24. Aliyeipata tofauti hiyo ya dakika 25 kwa kijiti na saa ya simu, mimi namhesabu tayari yumo kazini. Oktoba ndiyo ya kutegemea. Machi mawingu husumbua.

Usiku, anza na kundi la nyota la Jabari (Orion), lenye nyota Betelgeuse na Rigel. Betelgeuse ni nyekundu, uso wake una joto la takriban kelvini 3,500. Rigel ni nyeupe ya kibuluu, takriban 12,000. Rangi ni kipimajoto. Kisha linganisha mng'aro wa Betelgeuse na wa Aldebaran iliyo jirani, uandike tarehe na saa. Kazi hiyo si ya kitoto. Kuanzia mwishoni mwa 2019 hadi Februari 2020 Betelgeuse ilififia mno, na watazamaji wa kujitolea waliiona kwa macho matupu. Baadaye ikaelezwa kuwa vumbi lililotoka kwenye nyota hiyohiyo lilichangia kuiziba. Shirika la AAVSO, la watazamaji wa nyota zinazobadilika mng'aro, limekuwa likikusanya vipimo vya namna hii tangu 1911.

Jabari huwa juu jioni wakati wa mvua, lakini mvua zetu zina mapengo mengi. Kiangazi shughulika na nyota Antares katika kundi la Nge. Upepo wa Agosti na Septemba huinua vumbi, kwa hiyo achana na nyota za karibu na upeo. Taa za Mtumba zinachafua anga la mashariki. Nendeni upande wa Bahi, mkiwa kundi, na mwenyekiti wa kitongoji apewe taarifa mapema. Watu wenye tochi porini saa 5 usiku hawaeleweki kirahisi.

Hesabu na takwimu hazikwepeki, hilo mnalijua. Lugha ya kompyuta ya Python jifunze mwaka wa kwanza, usingoje kuipangiwa. Data ziko bure: toleo la tatu la data za Gaia, chombo cha Ulaya kilichopima nyota kutoka angani, la Juni 2022, lina nyota zipatazo bilioni 1.8. Usipakue zote, utamaliza bando. Omba kipande cha anga chenye kundi la Kilimia tu, tafuta paralaksi ya kawaida ya nyota zake (kiasi nyota inavyoonekana kusogea Dunia inapozunguka Jua) kwa sekunde za tao, yaani sehemu za 3,600 za nyuzi moja, kisha gawanya 1 kwa hiyo upate umbali kwa parseki. Jibu likiwa mbali na parseki 135, ambazo ni kama miaka-nuru 440, kagua kwanza kama umeziondoa nyota zilizo mbele na nyuma ya kundi. Huwa ni nyingi kuliko za Kilimia chenyewe.