Patrick Fitzgerald ni nani?
Ndugu umeuliza huyu Fitzgerald ni nani mpaka atajwe kila tukiongelea mabomu ya balozi za Marekani Nairobi na Dar, yani jamaa ndo alikuwa mmoja wa waendesha mashtaka wa serikali kuu ya Marekani kwenye ile kesi ya New York 2001, watu wanne wakala kifungo cha maisha kwa roho 224 zilizopotea 7 Agosti 1998. Babake alikuwa bawabu tu Manhattan, anafungulia watu mlango. Baadae akapelekwa Chicago kuwa mwendesha mashtaka mkuu wa serikali kuu huko, akakaa mpaka 2012, magavana wawili wa Illinois, jimbo lenye Chicago, Ryan na Blagojevich, ofisi yake ikawafikisha jela. Mi namheshimu sana, manusura wa kwetu walipanda kizimbani wakasikilizwa.