Rufaa kutoka kituo cha mbali: kumnyanyua mgonjwa na hesabu ya oksijeni

SWALI: Shikamoo daktari. Mimi ni tabibu wa kituo cha afya wilaya ya Chemba, upande wa Farkwa. Karibuni tulimpeleka Dodoma mjini kijana aliyeanguka na bodaboda. Kichwa kimeumia na paja limevunjika. Wakati wa kumtoa kitandani dripu ilichomoka, tukahangaika kutafuta mshipa mwingine. Njiani oksijeni ikaisha. Alifika hai, ila hali yake ilikuwa mbaya kuliko tulivyoondoka naye. Tungefanya nini? Na siku ikija ndege, maandalizi ni yale yale?

JIBU: Marahaba. Barabara ya vumbi hulaumiwa sana kwenye rufaa, lakini dripu yako ilichomoka gari likiwa bado limezimwa. Hatari kubwa iko kwenye zile dakika mbili tatu za kumnyanyua. Kwa hiyo kwanza hesabu ananyanyuliwa mara ngapi: kitandani kwenda machela ya kituo, kutoka hiyo kwenda machela ya gari, kisha kitanda cha mapokezi, kisha meza ya eksirei. Mara nne, na paja limevunjika! Machela ya gari iingie mpaka wodini, na mgonjwa alale juu ya shuka nene atakalosafiri nalo hadi upande wa pili. Hapo umeshapunguza mara moja, na zilizobaki ni za kuvuta shuka, si kushika mtu kwapani na miguuni.

Kabla ya kumgusa, paja lifungwe banzi na dawa ya maumivu iwe imeshaingia. Kanula (mirija midogo ya mshipani) ziwe mbili, kila moja na plasta yake, na mrija ukunjwe kitanzi kidogo kisha ubandikwe mkononi, ili ukivutwa kinyooke kitanzi kwanza. Mfuko wa mkojo umwagwe, kisha ulazwe katikati ya miguu wakati wa kuhama tu; ukishafika urudi chini ya usawa wa kibofu. Dripu na vyote vilivyomshika mgonjwa vitangulie upande anaokwenda. Dripu nyingi huchomoka kwa sababu imebaki imetundikwa upande anaotoka na hakuna aliyeitazama.

Kisha awepo kiongozi mmoja, anayeshika kichwa, na ni yeye tu anayetoa amri. Kwa aliyeumia kichwa chukulia shingo nayo imeumia mpaka ithibitishwe vinginevyo: kichwa, shingo na kiwiliwili vigeuke pamoja. Wanaomgeuza wasipungue watatu, mbali na huyo wa kichwani. Mkubaliane mapema kama mnanyanyua kwenye "tatu" au baada ya "tatu". Jambo dogo, lakini nusu ya timu ikienda na nusu ikisubiri, mgonjwa anapinda katikati. Kama wanaosaidia ni ndugu au dereva, fanyeni nao zoezi la mdomo kwanza. Ubao mgumu ni wa kumhamishia tu. Usimsafirishe juu yake saa nzima, utampelekea mwenzako vidonda vya mgandamizo. Aende kwenye godoro la machela, mikanda imefungwa, kichwani pameinuliwa kidogo kwa kuinamisha machela yote.

Oksijeni sasa. Zidisha ujazo wa mtungi kwa namba ya geji. Mtungi wa lita 10 unaosoma baa 100 una takriban lita 1,000. Safari ya saa 3 kwa lita 5 kwa dakika inakula 900. Kwa lita 10 unaisha baada ya dakika 100, nadhani ndicho kilichowakuta. Mimi hupanga mara mbili ya muda wa safari, kwa sababu masika korongo likijaa mnakaa kando mkisubiri maji yapungue, na mgonjwa anaendelea kupumua. Usimwachie lita 10 ambaye lita 4 zinaweka oksijeni ya damu yake kwenye asilimia 94 au zaidi. Mashine ya kuzalisha oksijeni haitakusaidia garini bila umeme wa uhakika. Na mtungi ufungwe. Usiachwe ukibiringika sakafuni.

Ndege inabadilisha mambo mawili. Inaongeza kunyanyua, maana kuna gari la kwenda uwanjani na gari la kumpokea. Halafu kuna hewa. Ndani ya ndege zenye shinikizo la kutengenezwa, kama PC-12, hali huwa kama uko mita 1,800 hadi 2,400. Cessna Caravan haina shinikizo hilo, hivyo mgonjwa anapanda kweli hadi kimo cha ndege. Hewa iliyonaswa mwilini huvimba: ukipanda mita 2,400 kutoka pwani ni karibu theluthi, ila Dodoma tayari tuko kama mita 1,100, kwa hiyo ni pungufu. Pungufu haimaanishi salama. Mwenye hewa kifuani nje ya pafu awekewe mrija wa kifua kabla ya kuruka, na chupa yake isipande juu ya usawa wa kifua. Oksijeni ya damu nayo itashuka, hivyo hesabu ya mtungi ianze upya. Uwanjani msisogee mpaka injini izimwe na rubani awaite.

Kwa mjamzito au mtoto mchanga piga 115 ya m-mama (mfumo wa usafiri wa dharura kwa wajawazito na watoto wachanga) mapema, mkiwa bado mnaandaa. Kwa wengine pigia hospitali inayopokea, mtaje shinikizo la damu, oksijeni na saa mliyoondoka.

Ndugu apande mmoja, akae mbele na dereva. Nyuma pawe pako na nesi wako, mwenye vipimo aandike kila dakika 15.