Mlingoti kutoka lundo la vyuma chakavu: fundi wa redio anawajibu waulizaji mbalimbali

Fundi, kuna mabomba ya jukwaa la ujenzi yanauzwa kwa kilo huku Morogoro. Yatanifaa kwa mlingoti wa antena ya redio ya mawimbi ya mita 40?

Yatakufaa, ila usinunue kwa macho tu. Bomba la chuma la jukwaa lina kipenyo cha milimita 48.3. Likiwa na ukuta wa milimita 4 na urefu wa mita 6, lina kilo kama 26. La alumini la urefu huo ni kilo 10 hivi. Tofauti hiyo mgongo wako utaijua siku ya kusimamisha. Livingirishe sakafuni: likirukaruka, limepinda. Kisha lielekeze penye mwanga uchungulie ndani. Mimi niliwahi kukokota bomba kwa guta hadi nyumbani, nikakuta saruji imeganda ndani urefu wa mkono mzima. Nimelipia saruji kwa bei ya chuma! Mwisho, ligonge kwa spana kutoka ncha hadi ncha. Panapotoa sauti ya kufa, pakague kwa kutu.

Kuunganisha mawili, usichomelee ncha kwa ncha. Yapishanishe nusu mita na uyakaze kwa klampu mbili zilezile za jukwaa. Ukilazimika kuchomelea bomba lenye zinki, ikwangue kwanza, maana moshi wake mweupe unaleta homa usiku uleule, na ukishaiunguza kutu huanzia hapohapo. Ncha ya juu izibe. Ukiiacha wazi, mvua itaingia na mavu watahamia. Chini acha tundu dogo la kutolea maji.

Mita 40 ni urefu wa wimbi la redio; antena yenyewe ni waya wa nusu yake, mita 20 hivi, uliogawanywa kati. Ukiuning'iniza kama V iliyopinduliwa, mlingoti mmoja unatosha.

Fundi wa mtaani anasema mita 9 zitasimama bila kamba nikimwaga zege la kutosha.

Msikilize kwa mambo mengine. Zege linashika mguu tu. Upepo unalivunja bomba pale linapotoka ardhini. Weka kamba pande tatu, na vigingi viwe mbali na mguu kwa asilimia 60 hadi 80 ya urefu, yaani kati ya mita 5.4 na 7.2 kwa mlingoti wako. Kamba ya mkonge inaoza, nailoni inalegea ikilowa. Tafuta ya poliesta. Waya wa chuma ni imara, lakini unaweza kuivuruga antena, kwa hiyo ukate vipande na uvitenganishe kwa vihami (vizuizi vya umeme) vya kaure. Kitako kizuri ni rimu kuukuu la lori. Bomba lisimame kwenye tundu la katikati.

Mabomba ya plastiki ya maji je?

Kwa mlingoti, hapana. Jua linayakausha yakawa kama biskuti. Vipande vyake vitumie kama vihami.

Jirani yangu hapa Nairobi ana vyuma vya pembe vya bei ya chee, na hataki kusema vimetoka wapi.

Usivichukue, ndugu yangu. Januari 2022 Kenya ilisimamisha kabisa biashara ya vyuma chakavu baada ya minara ya umeme kuhujumiwa, na ikaifungulia tena Mei mwaka huohuo. Nunua kwa mwenye leseni, na udai risiti. Chuma chenye matundu ya boliti yaliyopangwa kwa mstari kinajieleza chenyewe kilikotoka.

Kiwanja changu Mwanza ni kidogo, na waya wa umeme unapita mbele. Nisimamishe wapi?

Kabla ya kuchimba shimo, chukua kamba yenye urefu wa mlingoti pamoja na antena, ongeza nusu yake, uifunge pale unapotaka kusimamisha, kisha uzunguke nayo. Ikiweza kufika chini ya ule waya, hapo si mahali pake. Tafuta kona nyingine, au achana na bomba, ufunge jiwe kwenye uzi, ulirushe juu ya mwembe na uvutie antena kwa uzi huo, mradi mti nao uko mbali na umeme.