Maswali ya Wasomaji: Haki za Watu wa Asili

SWALI: Sisi ni chama kidogo cha Wahadzabe. Tumeambiwa kuwa bila hadhi ya ushauri ya ECOSOC, yaani kibali ambacho Baraza la Kiuchumi na Kijamii la Umoja wa Mataifa huyapa mashirika, hatuwezi kusikilizwa Umoja wa Mataifa. Ni kweli?
Msomaji, Mbulu

JIBU: Inategemea mlango mnaobisha. Baraza la Haki za Binadamu, Geneva, ndilo linalodai hadhi hiyo kwa anayetaka kuzungumza. Jukwaa la Kudumu la Watu wa Asili, New York, na Jopo la Wataalamu wa Haki za Watu wa Asili linalokaa Geneva mwezi Julai, hupokea vyama vya watu wa asili bila hadhi hiyo. Jiandikisheni mtandaoni kwa barua ya chama, jina la mwakilishi likiandikwa kama lilivyo kwenye pasipoti.

Nauli na posho ombeni Mfuko wa Hiari wa watu wa asili, uliopo tangu 1985. Maombi hufungwa miezi mingi kabla ya kikao, kwa hiyo pasipoti itangulie. Wengi hupata ufadhili kisha wakakwamia kwenye viza.

Ukumbini mna dakika tatu, kama maneno 350 ya Kiingereza, na zikiisha kipaza sauti huzimwa. Inauma kusikia mtu akikatwa kabla hajataja alichofuata, kwa sababu dakika mbili zimekwenda kwenye shukrani na historia. Tangulizeni ombi: nani afanye nini, kwenye ardhi ipi, lini. Kiswahili hakimo kati ya lugha sita rasmi. Mkikitumia, nendeni na mkalimani wenu.

Ila Jukwaa hupendekeza tu, haliiamuru serikali. Sisi tungewashauri muanze na UPR, mapitio ya haki za binadamu ambayo kila nchi hufanyiwa takriban kila miaka mitano. Andiko la chama kimoja lisizidi maneno 2,815, la vyama kwa pamoja 5,630. Halidai hadhi wala safari.

SWALI: Waogiek wa msitu wa Mau waliishinda serikali ya Kenya katika kesi ya ardhi kwenye Mahakama ya Afrika, Arusha. Nasi tunaweza kufungua kesi huko moja kwa moja?
Msomaji, Laikipia

JIBU: Hapana. Kenya haijatoa tamko la kuruhusu wananchi kuishtaki katika Mahakama ya Afrika. Tanzania ilitangaza kuliondoa lake 2019. Waogiek walipitia Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, Banjul, Gambia, nayo ikapeleka shauri Arusha 2012. Hukumu ilitoka tarehe 26 Mei 2017, na 2022 wakaamuliwa fidia ya shilingi 157,850,000 za Kenya. Kabla ya kuandikia Tume, malizeni mahakama za nyumbani, au onyesheni kwa nyaraka kwamba kesi imecheleweshwa kupita kiasi: tarehe za kila kuahirishwa, barua zisizojibiwa. Malalamiko mengi huangukia hapo, kabla hata suala la ardhi halijaguswa.