Maswali ya Wasomaji: Han Solo wa Star Wars Kabla ya Mos Eisley (bandari tunapokutana naye kwanza filamuni)

Swali: Nimenunua Rebel Dawn, riwaya ya ujana wa rubani Han Solo, kwenye meza ya vitabu vya mtumba. Katikati, Han na mwenzake Chewbacca wanaondoka kwenda Corporate Sector (eneo la galaksi linaloendeshwa na makampuni), na baada ya kurasa chache wamesharudi. Je, nimeuziwa kitabu kilichonyofolewa? – Msomaji, Dodoma

Jibu: Kitabu chako ni kizima. Mwandishi wake, A. C. Crispin, aliliacha pengo hilo makusudi, maana safari hiyo ilikwisha andikwa zamani na Brian Daley katika Han Solo at Stars' End na Han Solo's Revenge (1979), kisha Han Solo and the Lost Legacy (1980). Badala ya kuisimulia upya, Crispin aliingiza vipande vifupi tu vya Han akiwa huko.

Kwa hiyo anza na The Paradise Snare ya Crispin, ufuate The Hutt Gambit (vyote 1997), halafu Rebel Dawn (1998) hadi Han anapoondoka. Tia alama hapo, soma vitatu vya Daley, rudi umalizie. Vya Daley vimewahi kutolewa pamoja katika jalada moja, The Han Solo Adventures, ukiliona, lichukue. Utahisi mwendo umebadilika: Daley ni mbio na vichekesho, Crispin anamjenga mtu polepole, kuanzia mtoto wa sayari ya Corellia anayetumikishwa wizi na Garris Shrike. Anayeanza na Rebel Dawn hukosea zaidi kwa Bria Tharen, mpenzi wa Han. Bila kitabu cha kwanza, humwona mpita njia, na mwisho wake (siusemi, nisimwage uhondo) haumgusi.

Swali: Kwenye filamu ya 2018, Solo: A Star Wars Story, Han anapewa jina la Solo na ofisa wa kuandikisha askari. Kwenye riwaya ana hadi binamu, Thrackan Sal-Solo. Tuamini lipi?

Jibu: Usiyachanganye. Aprili 2014 Lucasfilm, kampuni ya Star Wars, ilizitenga riwaya hizo na hadithi rasmi chini ya jina Legends, na filamu ikaanza upya. Ndiyo maana riwayani Han anatimuliwa jeshini kwa kumwokoa Chewbacca, ilhali filamuni wanakutana wakipigana shimoni penye matope. Katika yote mawili, Falcon, chombo cha Han, inatoka kwa mcheza kamari Lando kwa karata za sabacc, ila riwayani Lando anaweka rehani chombo chochote kilichomo kwenye yadi yake, naye Han anachagua Falcon, ambayo Lando hakukusudia kuitoa. Kwangu, hilo limesukwa vizuri kuliko ile karata ya filamuni iliyofichwa kwenye mkono wa shati.

Swali: Paseki ni umbali. Inakuwaje Han ajisifu kuwa Falcon ilimaliza njia ya Kessel kwa paseki 12, kana kwamba ni muda?

Jibu: Paseki moja ni kama miaka-nuru 3.26, kweli ni umbali. Riwayani, njia ya Kessel inazunguka mashimo meusi ya Maw. Rubani mwoga huzunguka mbali; Han anapita karibu nayo, hivyo safari yenyewe inafupika.